Je, sekunde ya nyongeza ikiachwa, saa zetu zitaachana na jua?

MwalimuKilosa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na tulipofika kwenye mada ya mizunguko ya dunia wanafunzi wa kidato cha tatu walinibana kwa swali ambalo kitabu chetu cha kiada hakiligusi. Tunawafundisha kwamba dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo, na kwamba robo hizo zikikusanyika kwa miaka minne tunapata tarehe 29 Februari. Mwanafunzi mmoja, ambaye kaka yake hufanya kazi za kompyuta, akasimama na kueleza kwamba ipo pia sekunde inayoongezwa mara chache mwishoni mwa Juni au Desemba, na kwamba wataalamu wa vipimo duniani wamekubaliana kuiacha kabla ya mwaka 2035 kwisha. Akauliza: ikiwa tarehe 29 Februari imekwisha kusawazisha mambo, sekunde hiyo ilikuwa na kazi gani? Na ikiwa ilikuwa na kazi, kwa nini iachwe?

Kabla sijajibu, mwenzake akadakia na swali la pili: kwa nini mfungo wa Ramadhani hauna habari kabisa na Februari, wala na majira ya mvua, bali huhama kila mwaka?

Niliwaahidi jibu wiki ijayo. Ningeomba mnisaidie bila kurahisisha mno, kwa kuwa watoto hawa wanauliza kwa nia ya kuelewa, na sitaki kuwapa jibu la kuwanyamazisha.

Mtazamanyota alijibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa jambo ambalo hata watu wazima huchanganya. Siku ya nyongeza na sekunde ya nyongeza hufanana kwa jina tu. Ya kwanza inahusu mwendo wa dunia kulizunguka jua, ya pili inahusu mwendo wa dunia kujizungusha kwenye mhimili wake, na hata mojawapo ingekuwa kamilifu kabisa isingeiponya nyingine. Nitaeleza ya kwanza, nikitumaini wenzangu wataichukua ya pili.

Hakuna sheria ya maumbile inayoilazimisha dunia ikamilishe idadi kamili ya siku ndani ya safari moja ya kulizunguka jua. Tukipima muda ambao majira huchukua kuzunguka na kurudi mahali pake, tunapata wastani wa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45 hivi. Robo ya siku ni saa 6, kwa hiyo hiyo robo tunayoifundisha imezidi kwa dakika 11 na sekunde chache. Ningependa sana vitabu vya kiada viseme hivyo waziwazi, kwa sababu historia yote ya kalenda tunayotumia leo imo ndani ya dakika hizo 11.

Juliasi Kaisari, kwa ushauri wa mnajimu Sosigenes wa Aleksandria, aliweka mwaka wa siku 365 na robo kuanzia mwaka 45 kabla ya Kristo. Ilikuwa hatua kubwa mno, maana kalenda ya Roma ilikuwa imevurugika kiasi kwamba mwaka uliotangulia ulilazimika kupewa siku 445 ili majira yarudi mahali pake. Lakini ziada ya dakika 11 kila mwaka hufika siku nzima baada ya miaka 128 hivi. Kanisa lilikuwa limeizoea tarehe 21 Machi kuwa siku ya ulinganifu wa usiku na mchana tangu zama za Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, na tarehe ya Pasaka hukokotolewa kutokana nayo. Kufikia karne ya 16, anga lilikuwa likionyesha ulinganifu huo tarehe 11 Machi. Pasaka ilikuwa inateleza kuelekea majira ya joto ya Ulaya, polepole lakini bila kusimama.

Papa Gregori XIII alitoa waraka wa marekebisho mwezi Februari 1582, akifuata pendekezo la Aloysius Lilius, tabibu kutoka kusini mwa Italia aliyekuwa amekwisha kufariki, likatetewa kwa hesabu na Mjesuti Christopher Clavius. Nchi zilizotii mara moja zililala Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582 na kuamka Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Waonyeshe wanafunzi kwamba siku za juma hazikukatizwa. Ni namba za tarehe tu zilizorukwa. Kisha ikawekwa kanuni ya karne: mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mwaka mrefu, yaani wa siku 366, isipokuwa uwe unagawanyika pia kwa 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa mwaka mrefu, 2000 ulikuwa, na 2100 hautakuwa. Wale katika darasa lako watakaojaliwa kufika huko wataona Februari ya siku 28 katika mwaka unaogawanyika kwa 4, na wajukuu wao watadhani kalenda imekosewa.

Kwa kanuni hiyo, kila miaka 400 ina miaka mirefu 97, na wastani wa mwaka ni siku 365.2425. Bado ni ndefu kuliko mwaka wa jua kwa sekunde zisizozidi 30, na itachukua zaidi ya miaka 3,000 kufikisha kosa la siku moja.

Waliochelewa walilipa zaidi. Uingereza na makoloni yake waliruka kutoka tarehe 2 hadi 14 Septemba 1752, na Urusi kutoka 31 Januari hadi 14 Februari 1918, jambo ambalo linaeleza kwa nini Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba. Jirani zetu wa Ethiopia hadi leo wana miezi 12 ya siku 30, pamoja na mwezi wa 13 uitwao Pagume, wenye siku 5 au 6. Wao hufuata mwaka mrefu wa kila miaka minne bila kanuni ya karne, na ndiyo maana Krismasi yao huangukia tarehe 7 Januari kwa hesabu yetu.

FundiSeva_Nairobi alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Niichukue sekunde, kwa kuwa kazi yangu ni kusimamia seva, na jambo hili linatuhusu sisi mafundi kuliko watu wengi.

Zamani sekunde ilikuwa sehemu moja ya 86,400 ya siku. Mwaka 1967 iliondolewa mikononi mwa dunia na kufungwa kwenye atomi ya sesiamu: sekunde moja ni mitikiso 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi hiyo. Urefu wake, hata hivyo, ulilinganishwa na majedwali ya unajimu yaliyotokana na uchunguzi wa karne za 18 na 19, hivi kwamba siku yenye sekunde 86,400 kamili ni siku ya dunia kama ilivyokuwa karibu na mwaka 1820. Tangu hapo dunia imepunguza kasi kidogo mno, na siku zetu katika sehemu kubwa ya karne iliyopita zilikuwa ndefu kwa milisekunde moja, mbili, au tatu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuongeza sekunde hakumaanishi kwamba dunia imepungua kasi kwa sekunde nzima. Ikiwa kila siku imezidi kwa milisekunde 2 tu, basi baada ya siku 500 ziada imekusanyika kuwa sekunde moja, hata kama dunia haikupungua kasi zaidi katika muda huo wote.

Kinachoipunguza kasi kwa muda mrefu ni mwezi. Maji ya bahari yanapojaa na kupwa husuguana na dunia inayozunguka chini yake, na nguvu inayopotea huusukuma mwezi mbali nasi kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Kila bamvua inayoonekana Mombasa au Tanga ni mguso mdogo wa breki hiyo. Ushahidi umo katika kumbukumbu za watu wa kale: kupatwa kwa jua kulikoandikwa Babeli mwaka 136 kabla ya Kristo kusingeonekana hapo kama dunia ingekuwa imezunguka kwa kasi ileile ya leo tangu wakati huo. Kivuli cha mwezi kingepita mbali upande wa magharibi wa Bahari ya Mediterania. Tofauti iliyokusanyika tangu siku ile inazidi saa 3. Vibao vya udongo vya Babeli vimetupa kipimo ambacho hakuna saa ya kisasa ingeweza kukitoa, na kila nikikumbuka hilo nawaheshimu zaidi waandishi wale.

Kuanzia 1972 ikakubaliwa kwamba saa ya kimataifa, yaani UTC, itakwenda kwa mapigo ya atomi, lakini isiruhusiwe kuachana na mzunguko wa dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa dunia, ambalo hutoa matangazo yake kutoka Paris, hupima kwa darubini za redio zinazotazama vyanzo vya mbali sana angani. Mojawapo ya vituo vinavyoshiriki kazi hiyo ni Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Tofauti ikikaribia kikomo, sekunde huongezwa. Zimeongezwa 27 hadi sasa, tisa kati yake kabla ya mwaka 1980. Ya mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba 2016 saa za kimataifa. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa tayari Mwaka Mpya, katika sekunde ya mwisho kabla ya saa tisa usiku. Saa iliyopangwa vizuri ilisoma 02:59:59, kisha 02:59:60, ndipo ikafuata 03:00:00.

Hiyo 60 ndiyo balaa. Programu nyingi zimeandikwa kwa imani kwamba dakika ina sekunde kuanzia 0 hadi 59, basi. Sekunde ya tarehe 30 Juni 2012 iliamsha hitilafu katika kiini cha Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, na nyingi kati yake zikawa zinahangaika bure kwa nguvu zote. Tovuti ya Reddit ilianguka kwa muda na abiria wa shirika la ndege la Qantas wakachelewa kwa sababu mfumo wa tiketi ulikwama. Siku ya Mwaka Mpya 2017 sehemu ya huduma za Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, iliharibika kwa kuwa programu ilikokotoa muda uliopita ikapata namba hasi, jambo ambalo mwandishi wake hakulitarajia. Google wao huinyunyiza sekunde hiyo kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kompyuta zao haziumwi, lakini katika saa hizo huwa hazikubaliani na saa za wengine. Mfumo wa GPS hauiongezi kabisa, na sasa uko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kwa hiyo tayari tuna saa kadhaa rasmi zinazotofautiana, na ufundi wetu ni kukumbuka ipi ni ipi.

Novemba 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, uliofanyika Versailles, uliamua kwamba kikomo kile cha sekunde 0.9 kipanuliwe ifikapo 2035 au kabla, kwa kiasi kitakachoiacha UTC iende bila kukatizwa kwa angalau miaka 100. Mwambie mwanafunzi wako kwamba uamuzi haukusema dunia ipuuzwe. Umesema marekebisho yawe machache na makubwa zaidi.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu si uvivu. Tangu 2020 dunia imekuwa ikizunguka kwa kasi zaidi kidogo kuliko miongo iliyopita. Siku moja ya Julai 2024 ilikuwa fupi kuliko sekunde 86,400 kwa zaidi ya milisekunde moja na nusu. Hali ikiendelea, kanuni ya sasa italazimisha sekunde iondolewe badala ya kuongezwa, yaani saa iruke kutoka 58 hadi 00. Jambo hilo halijawahi kufanywa, na ikiwa kuongeza kumetutesa hivi, sipendi kuona kuondoa kunajaribiwa moja kwa moja katika hospitali, benki na viwanja vya ndege. Utafiti wa Duncan Agnew uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024 ulionyesha kwamba barafu inayoyeyuka Greenland na Antaktika inapeleka maji kuelekea ikweta, na uzito huo unaizuia dunia isizidi kukaza mwendo; bila hilo hitaji la kuondoa sekunde lingefika mapema zaidi. Hebu fikirini, mabadiliko ya tabianchi yamefika hadi kwenye saa za seva zetu.

BintiMakunduchi alijibu:

Asalaam aleikum nyote. Mwalimu, niruhusu nijibu swali la mtoto wa pili, kisha niseme neno juu ya hilo la kwanza.

Mwezi mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354 na sehemu ya siku, ambayo ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuahirisha miezi, nayo ilikatazwa katika Surat At-Tawba. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Aliyefunga utotoni wakati wa joto la kaskazi atafunga pia wakati wa vuli, na kipupwe, na masika, kisha atalirudia joto. Mwaka 2030 wanafunzi wako wataona Ramadhani mbili zikianza ndani ya mwaka mmoja wa Kizungu, moja mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, kwa kadiri mwezi utakavyoandama. Kalenda hiyo ina uaminifu kamili. Uaminifu wake ni kwa mwezi, na jua halikuahidiwa chochote.

Sasa, wavuvi na wakulima wa mwambao walihitaji pia kujua lini pepo zitageuka na lini ardhi itayarishwe, na Mfunguo Mosi hauwezi kuwaambia hayo. Kwa kazi hiyo wazee wetu walikuwa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 barabara. Uligawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 zinazobaki hukamilisha mwaka. Nahodha alikuwa akitaja mwongo, na aliyemsikiliza alijua bahari iko katika hali gani. Siku ya kwanza ya mwaka huo ndiyo tunayoiadhimisha hapa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, ambapo kibanda cha makuti huchomwa moto na wanaume hupigana kwa migomba ili waumalize mwaka bila kinyongo. Wageni hupiga picha za moto na mapigano, na wachache sana huuliza tarehe yenyewe imetoka wapi.

Imetoka Uajemi, na ni hesabu inayolingana na ile iliyoanzia mwaka 632, alipotawazwa mfalme Yazdgerd III. Haina mwaka mrefu. Kwa hiyo kila miaka minne Nairuzi hutangulia siku moja kwenye kalenda ya Gregori. Siku hizi tunaisherehekea katikati au katika nusu ya pili ya Julai. Rudi nyuma kwa hesabu miaka 150 nawe utaikuta mwishoni mwa Agosti. Rudi hadi karibu na mwaka 1490, zama za Ahmad ibn Majid, yule nahodha wa Julfar aliyeandika siku za kusafiri Bahari ya Hindi kwa kuhesabu kutoka Nairuzi, utaikuta mwezi Novemba. Kwa hiyo siku ya mwaka iliyokuwa ikikaribisha kaskazi, upepo wa kuleta majahazi kutoka Arabuni, leo inatukuta katikati ya kusi. Ni siku ileile, haikupotea wala kukatizwa hata mara moja; majira ndiyo yaliyosogea chini yake.

Nisingependa mtu aseme wazee walikosea. Nahodha aliyeshika usukani kwa miaka 40 aliona mteremko wa siku 10 tu, na pepo zenyewe huchelewa au kuwahi kuliko hivyo. Kwa kazi yake hesabu ilitosha, na uzuri wake ulikuwa kwamba mtu asiyejua kusoma angeweza kuitunza kwa vidole na kokoto. Alichokifanya, bila kukusudia, ni kuwaachia wajukuu tofauti ambayo yeye hakuhitaji kuilipa.

Ndiyo maana, ndugu yangu wa Nairobi, uamuzi wa Versailles unanitia wasiwasi kidogo. Ninakubali hoja yako juu ya kompyuta. Lakini kila kalenda huamua mambo mawili: kosa liachwe likue kiasi gani, na litakapolipwa alipe nani. Mnaposema marekebisho makubwa baada ya miaka 100, mnasema watakaoumwa na programu zisizojua kuongeza dakika ni watu ambao hawajazaliwa. Waingereza wa 1752 walirukishwa siku 11 kwa sababu ya dakika 11 za Kaisari. Ningependa kuona kikomo kipya kikiwekwa pamoja na njia ya kulipa, iandikwe sasa, wakati wanaoelewa tatizo bado wapo.

FundiSeva_Nairobi alijibu:

Dada, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Azimio lenyewe linataka kikomo kipya kiandaliwe pamoja na mpango wa kukitekeleza, na majadiliano ya namna ya kulipa bado yanaendelea. Yapo mawazo ya dakika nzima, yapo ya kunyunyiza polepole. Ninachokiogopa katika utaratibu wa sasa ni kwamba sekunde huja bila ratiba. Hutangazwa miezi sita tu kabla, kwa sababu mzunguko wa dunia hautabiriki zaidi ya hapo kwa uhakika. Pepo kubwa za angani, vuguvugu la El Niño, na mwendo wa kiini cha dunia vyote huigusa siku. Programu inayotumika mara moja katika miaka kadhaa, tena kwa ghafla, haijaribiwi ipasavyo. Tarehe 29 Februari haituumizi sana kwa kuwa kila mtu anaijua miaka mingi kabla, ingawa hata hiyo ina vituko vyake: programu ya Excel hadi leo inaikubali tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo, kwa sababu ilirithi hesabu ya Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia.

MwalimuKilosa aliandika:

Ninawashukuru wote, na Dada wa Makunduchi amenipa mfano ambao vitabu vyetu vilipaswa kuwa nao tangu zamani. Limebaki jambo moja. Nikiwaambia wanafunzi kwamba baada ya karne moja saa itaachana na jua kwa takriban dakika moja, wataniuliza kama jua kwa sasa liko utosini saa sita kamili. Ndugu zangu wa Kigoma husema jua lao "huchelewa". Je, ni kweli?

Mtazamanyota alijibu:

Ni kweli kabisa, Mwalimu, na hili litawasaidia kuipima ile dakika moja kwa ukubwa wake halisi.

Saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita nje kabisa ya Tanzania, upande wa bahari. Kila digrii moja kuelekea magharibi ni ucheleweshaji wa dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na digrii 39.3, kwa hiyo kwa wastani jua hufika juu kabisa saa sita na dakika 23. Nairobi ni saa sita na dakika 33. Kigoma, kwenye digrii 29.6, ni saa saba na dakika 2 hivi. Kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura hutumia saa iliyo nyuma kwa saa nzima, na huko jua huwa juu karibu na saa sita kama watu wanavyotarajia. Mipaka ya nchi huiachanisha saa na jua kuliko mwezi utakavyofanya kwa karne nyingi.

Juu ya hayo, jua lenyewe halina mwendo sawa mwaka mzima, kwa sababu njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mwanzoni mwa Novemba jua huwahi kwa dakika 16 kuliko wastani, na karibu na tarehe 11 Februari huchelewa kwa dakika 14. Ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani msikitini inalionyesha hilo vizuri kuliko kitabu chochote cha jiografia: fuata safu ya adhuhuri kwa Dar es Salaam, nawe utaona inasogea kutoka saa sita na dakika chache mwezi Novemba hadi zaidi ya saa sita na nusu mwezi Februari.

Kwa hiyo dakika moja kwa karne haitamsumbua mkulima, wala muadhini anayefuata jua lenyewe. Itatuhusu sisi wa darubini, kwa kuwa darubini iliyoelekezwa kwa saa yenye kosa la dakika moja itatazama robo digrii pembeni, na hapo itabidi tuchukue tofauti iliyopimwa na kuiingiza wenyewe. Wengi wetu tayari hufanya hivyo.

Darasani fanya hivi. Simika kijiti kilichonyooka wima kwenye uwanja wa shule, mahali tambarare. Karibu saa nne asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Alasiri ngojeni ncha ya kivuli iguse tena duara lilelile. Saa iliyo katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri ya kweli ya Kilosa. Fanyeni mwanzoni mwa Novemba mtapata karibu saa sita na dakika 16. Rudieni katikati ya Februari mtapata karibu saa sita na dakika 46. Tumieni saa ya simu iliyounganishwa na mtandao, na mwachie mwanafunzi yule aliyeuliza swali awe msoma saa.